Palbosiklibu, ribosiklibu au abemasiklibu: uanzie wapi kuchagua

Watu wengi wakishaambiwa kuna hizi dawa za kuzuia seli za saratani ya matiti zisigawanyike, kitu cha kwanza wanauliza ni ipi kali kuliko zenzake. Naelewa kabisa, ukiwa unamuuguza mama yako au dada yako unataka ile kali, hutaki hadithi. Ila nimekaa na haya mambo miaka kadhaa sasa, kwanza kwa kumuuguza mama yangu mdogo alafu kwa kusoma kila utafiti uliotoka, na naona swali hilo linaanzia pabaya. Anza na hili: ugonjwa umefika wapi? Umeshaenda kwenye mifupa, ini au mapafu, au ulikuwa bado kwenye titi na tezi za kwapani na umeshafanyiwa upasuaji? Hapo tu, dawa moja kati ya tatu inaweza kutoka kabisa kwenye orodha na nyingine ikapanda juu. Ukishamaliza hapo ndo unakuja kwenye moyo, tumbo, damu, umri, na dawa nyingine anazomeza.

Majina kwanza, maana kwenye boksi utaona kingine. Palbosiklibu inauzwa kama Ibrance, ribosiklibu ni Kisqali, abemasiklibu ni Verzenio. Ibrance ndo ya kwanza kuruhusiwa Marekani, Februari 2015, Kisqali ikafuata Machi 2017 na Verzenio Septemba mwaka huohuo.

Zinafanya nini mwilini

Kazi ya zote tatu ni moja. Seli kabla haijagawanyika kuna geti inabidi ipite, na wanaofungua hilo geti ni vimeng'enya viwili, CDK4 na CDK6, vikisaidiwa na protini inaitwa saiklini D. Vikishashikana vinaizima protini nyingine inaitwa Rb, ambayo ndo breki ya seli, na breki ikishaachia seli inaanza kunakili DNA yake na hapo hairudi nyuma tena. Sasa saratani ya matiti inayolishwa na homoni ya estrojeni, hiyo estrojeni ndo inaisukuma seli itengeneze saiklini D nyingi, geti linakuwa wazi muda wote. Vidonge hivi vinawakalia CDK4 na CDK6, geti linafungwa. Na ndo maana karibu mara zote zinatolewa pamoja na dawa ya homoni, letrozoli, anastrozoli au fulvestranti, moja inakata chakula na nyingine inafunga mlango.

(Watu watatu waliotufungulia njia kwenye haya mambo ya mzunguko wa seli, Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse, walipewa Nobel mwaka 2001, na kazi yao kubwa waliifanya kwenye hamira na mayai ya viumbe wa baharini. Huwa nalikumbuka hilo kila nikiona kile kiboksi mezani.)

Kwa hiyo dawa hizi ni za saratani ambayo vipokezi vya homoni ni chanya na HER2 (protini nyingine inayochochea seli kukua) ni hasi, ambayo ni kama asilimia 70 ya saratani zote za matiti. Kama majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yanasema vipokezi vyote vitatu ni hasi, basi ulinganisho huu haumhusu mgonjwa wako, usipoteze pesa wala matumaini hapa, muulize daktari njia nyingine. Mwanaume mwenye saratani ya matiti naye anaweza kupewa, wanaume wanasahaulika sana kwenye hii mada.

Kama ugonjwa umeshasambaa

Hapa ndo penye tafiti nyingi na ndo penye mkanganyiko mkubwa, ngoja nitulie kidogo.

Ukiangalia muda ambao ugonjwa unakaa umetulia bila kusonga mbele, dawa zote tatu zinafanana sana. Kwenye utafiti wa PALOMA-2, wanawake 666 waliokwisha kukoma hedhi, waliomeza palbosiklibu na letrozoli nusu yao walivuka miezi 24.8 ugonjwa ukiwa umetulia, waliomeza letrozoli na kidonge kitupu kisicho na dawa ilikuwa miezi 14.5. Ribosiklibu kwenye MONALEESA-2, miezi 25.3 dhidi ya 16.0. Abemasiklibu kwenye MONARCH 3, miezi 28.2 dhidi ya 14.8. Usikimbilie kusema 28 ni kubwa kuliko 24 basi abemasiklibu imeshinda, hizi ni tafiti tofauti zenye wagonjwa tofauti, cha kuangalia ni pengo kati ya makundi mawili ndani ya utafiti mmoja, na pengo hilo kwa zote tatu ni kubwa na linakaribiana.

Tofauti inakuja kwenye swali zito zaidi, je mtu anaishi muda mrefu zaidi? Hapo ribosiklibu imesimama peke yake kwa sababu imeonyesha hivyo kwenye tafiti tatu tofauti. MONALEESA-2, nusu ya waliopewa ribosiklibu walivuka miezi 63.9 wakiwa hai dhidi ya 51.4 kwa wale wa letrozoli tu, yaani zaidi ya mwaka mzima. MONALEESA-7, ambayo ilichukua wanawake ambao bado hedhi haijakoma, miezi 58.7 dhidi ya 48.0. MONALEESA-3, ikiwa na fulvestranti, miezi 53.7 dhidi ya 41.5. Mara tatu mfululizo, si jambo la kubahatisha.

Abemasiklibu yenyewe ilionyesha kuongeza maisha kwa wagonjwa ambao dawa ya homoni ilikuwa imeshashindwa, ule utafiti wa MONARCH 2 na fulvestranti, miezi 46.7 dhidi ya 37.3. Kwenye MONARCH 3, kwa wanaoanza matibabu, ilikuwa miezi 66.8 dhidi ya 53.7, pengo la miezi 13 ambalo kwa macho ni kubwa, ila kwa mahesabu ya takwimu halikuvuka mstari, kwa hiyo watafiti hawawezi kusema kwa uhakika halikutokea kwa bahati. Mi naona ni dalili nzuri tu.

Na palbosiklibu? PALOMA-2 ilitoka na miezi 53.9 dhidi ya 51.2, tofauti ambayo haina uzito kitakwimu. Kuna wanaosema ni kwa sababu wagonjwa wengi kwenye ule utafiti walipotea kwenye ufuatiliaji, hasa wa kundi la kidonge kitupu, na hilo ni kweli lilitokea, wengine wanasema dawa zenyewe kikemia hazifanani kama tunavyodhani. Vyovyote iwavyo, ukweli unabaki kwamba haina ushahidi kama wa mwenzake. Haimaanishi haifanyi kazi, maana ugonjwa kutulia miezi 10 zaidi ni miezi 10 ya mtu kuwa jikoni kwake, kuona wajukuu, kuchelewa kufika kwenye kemo, ile tiba kali ya kemikali. Ila kama mgonjwa ndo anaanza, ugonjwa umesambaa, moyo wake hauna shida na zote tatu zinapatikana, mi ningeuliza kwanza kuhusu ribosiklibu, na kama daktari anachagua nyingine ningemwomba anieleze sababu. Mara nyingi sababu ipo na ni nzuri.

Kitu kimoja kinachowatia watu hofu, ugonjwa ukiwa umepamba moto, ini limejaa au mapafu yanabana, ndugu wanataka kemo kwa haraka wakiona vidonge ni vitu vyepesi. Utafiti wa RIGHT Choice ulichukua wanawake wa namna hiyohiyo, hedhi haijakoma na ugonjwa mkali, wakalinganisha ribosiklibu na dawa ya homoni dhidi ya mchanganyiko wa kemo, na ugonjwa ulitulia muda mrefu zaidi kwa waliomeza vidonge, kama miezi 22 dhidi ya 13. Kwa hiyo vidonge si matibabu ya kubembeleza, mama akianzishiwa vidonge usidhani wamemkatia tamaa.

Kuna mambo mawili yanayoitofautisha abemasiklibu hapa. La kwanza, imeonyeshwa kufanya kazi hata ikitolewa yenyewe bila dawa ya homoni, kwa wagonjwa waliokwisha pitia mengi, uvimbe ulipungua kwa karibu mmoja kati ya watano. La pili, inapenya kuingia kwenye ubongo kwa kiasi fulani, kwa hiyo kama ugonjwa umefika huko daktari anaweza kuiwazia, japo matokeo yake hapo ni ya wastani na bado mionzi inabaki kuwa ya muhimu.

Kama ugonjwa umeshaondolewa na unataka usirudi

Hapa palbosiklibu inatoka. Walijaribu mara mbili, PALLAS na PENELOPE-B, tafiti kubwa kabisa, na haikupunguza kurudi kwa ugonjwa. Kama mtu amefanyiwa upasuaji, hana ugonjwa uliosambaa, na anaambiwa anunue palbosiklibu ili ugonjwa usirudi, aulize tena na tena na aombe maoni ya daktari wa pili.

Zinabaki mbili. Abemasiklibu inamezwa miaka 2, ribosiklibu inamezwa miaka 3 kwa dozi ndogo kidogo kuliko ile ya ugonjwa uliosambaa, yaani 400 mg badala ya 600 mg. Na wanaofaa hawafanani.

Abemasiklibu ni ya wale wenye hatari kubwa kweli. Utafiti wa monarchE ulichukua watu 5,637 ambao wengi wao walikuwa na tezi 4 au zaidi za kwapani zenye saratani, au tezi 1 hadi 3 lakini uvimbe una sentimita 5 na kuendelea au daraja lake (jinsi seli zinavyoonekana korofi kwenye hadubini) ni la 3. Baada ya miaka 5, watu 83.6 kwa kila mia waliomeza hawakuwa na ugonjwa uliorudi, dhidi ya 76.0 wa dawa ya homoni tu. Hebu fikiria, ni kama watu 7 au 8 katika kila mia ambao ugonjwa ungewarudia ndani ya miaka hiyo na haukuwarudia, na dawa yenyewe walishaacha kumeza miaka 3 nyuma.

Ribosiklibu ilipimwa kwenye NATALEE, watu 5,101, na imechukua kundi pana zaidi, steji ya 2 na ya 3, hata baadhi ya ambao tezi za kwapani hazina kitu ila uvimbe wenyewe una dalili za ukorofi. Baada ya miaka 4 ilikuwa 88.5 kwa mia dhidi ya 83.6. Marekani iliiruhusu kwa kazi hii Septemba 2024, wakati abemasiklibu ilikuwa imeruhusiwa tangu Oktoba 2021.

Kwa hiyo kama tezi ni nyingi, mi naona abemasiklibu ina historia ndefu zaidi na muda mfupi zaidi wa kumeza, ningeanza hapo isipokuwa tumbo la mtu ni bovu au aliwahi kuganda damu. Kama tezi hazina kitu au ni steji ya 2 ambayo haiingii kwenye vigezo vya abemasiklibu, basi ribosiklibu ndo iliyobaki mezani na hapo swali linakuwa, je hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa kiasi cha kustahili miaka 3 ya vidonge na vipimo? Hilo ni la kukaa chini na daktari, na majibu ya maabara yakiwa mkononi, ukubwa wa uvimbe, daraja, na Ki-67, kipimo cha kasi ya seli kugawanyika. Usikubali kujibiwa kwa kichwa.

Mwili utasemaje

Hapa ndo pa kuchagua kwa mtu mwenyewe, maana nguvu zikikaribiana kinachoamua ni kipi mwili utavumilia.

Palbosiklibu na ribosiklibu zinashusha damu, hasa seli nyeupe zinazoitwa nyutrofili. Kwa palbosiklibu karibu wagonjwa 8 kati ya 10 zinashuka, na kwa theluthi mbili hivi zinashuka sana. Mama mdogo alikuwa kwenye hii, wiki ya pili tu tukapigiwa simu kwamba nyutrofili zimeanguka, dawa isimame. Tulilia nyumba nzima tukidhani ndo basi. Hakuna aliyetueleza kabla kwamba hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa dawa hii na ningetamani sana wewe ulijue mapema: kemo inaua seli changa kwenye uboho, ila hizi dawa zinazisimamisha tu, ukiacha kumeza siku chache zinaamka na kuendelea. Ndo maana kuna ile wiki moja ya kupumzika. Na pamoja na namba kushuka vile, wanaopata homa kwa ajili ya seli nyeupe kuisha ni wachache, kama 2 katika mia. Alipumzika wiki, namba zikapanda, akarudi na dozi ya 100 mg badala ya 125 na akaenda nayo vizuri.

Ila homa ya nyuzi 38 na kuendelea ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, usimpe panadol ukasubiri asubuhi.

Abemasiklibu damu haishushi kwa kiwango hicho, yenyewe inahamia tumboni. Zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 wanaharisha, na kawaida inaanza wiki ya kwanza, kabla hata hujazoea dawa. Kwa wengi ni ya kuvumilika na inapungua baada ya mwezi wa kwanza na wa pili, ila kwa kama 8 hadi 10 katika mia inakuwa kali. Siri yake ni kutosubiri: loperamaidi, dawa ya kusimamisha kuharisha, iwe nyumbani kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa, choo cha kwanza kilaini tu unaanza loperamaidi na unakunywa maji mengi, isipotulia ndani ya siku moja unampigia daktari na dozi inashushwa. Wanaoachana na hii dawa wengi wanaachana nayo mwezi wa kwanza, na inauma, kwa sababu wangevushwa ule mwezi wangeendelea. Mtu ambaye kazi yake haimruhusu kutoka kwenda chooni, au tayari ana ugonjwa wa utumbo, au ni mzee aliyekonda ambaye kuishiwa maji kidogo tu kunamlaza, hapo mi ningesita.

Abemasiklibu pia ina ishu ya damu kuganda kwenye mishipa, inatokea kwa wachache lakini ni zaidi kuliko zile mbili, na ikichanganywa na tamoksifeni, dawa nyingine ya homoni, inaongezeka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, usikae nyumbani. Alafu kuna jambo ambalo hutisha watu bure, kipimo cha figo cha kreatinini kinapanda ukiwa kwenye abemasiklibu bila figo kuharibika, dawa inazuia tu figo kuitoa ile kreatinini, kwa hiyo kabla ya kusema figo zimekufa mwombe daktari apime kwa njia nyingine.

Ribosiklibu ya kwake ni moyo na ini. Inaweza kurefusha kipande kinachoitwa QT kwenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na kikirefuka sana mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kwa mtu mwenye moyo mzima si jambo la kila siku, lakini ndo maana kabla ya kuanza lazima ECG ipigwe na QT iwe chini ya milisekunde 450, alafu irudiwe kama siku ya 14, pamoja na kupima potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Kwa mwenye mapigo yanayoyumba, moyo uliopanuka, au aliyepata shambulio la moyo karibuni, hii haifai, na hapo palbosiklibu inapata nafasi yake kwa haki kabisa. Ini nalo, vimeng'enya vyake vinaweza kupanda kimyakimya bila mgonjwa kuhisi chochote, ni kipimo cha damu tu kitakachoonyesha. Abemasiklibu nayo inagusa ini ila ribosiklibu ndo inaangaliwa zaidi.

Uchovu uko kwa zote. Nywele hupungua kwa baadhi, huwa nyembamba, si kunyonyoka zote kama kwenye kemo. Kikohozi kikavu kipya na kubanwa pumzi, kwa dawa yoyote kati ya hizi, daktari aambiwe, maana mara chache zinachoma mapafu.

Ratiba ya kumeza

Palbosiklibu ni kidonge kimoja kwa siku, 125 mg, siku 21 alafu siku 7 kupumzika. Ribosiklibu ni hivyohivyo siku 21 na 7 ila kwa ugonjwa uliosambaa vidonge ni vitatu vya 200 mg kwa mara moja. Abemasiklibu ikiwa na dawa ya homoni ni 150 mg mara mbili kwa siku, kila siku, hakuna mapumziko. Linaonekana jambo dogo lakini kwa mtu anayesahau, ile ya 21 na 7 inachanganya siku za kuanza upya, dawa ya homoni haipumziki na wengine wanaisimamisha nayo kimakosa, wakati ile ya mara mbili kwa siku haina hesabu ya wiki ila ina dozi ya jioni ya kukumbuka. Mama mdogo tulimchorea kalenda ukutani, wiki ya kupumzika tukaipaka rangi. Akitapika baada ya kumeza, harudii siku hiyo, anasubiri dozi inayofuata kwa muda wake.

Na dozi ikishushwa msiumie moyo. Tafiti za dawa hizi zilifuatilia waliopunguziwa na faida ilibaki, bora 100 mg unayoimeza mwaka mzima kuliko 125 iliyokulaza ukaacha.

Dawa nyingine anazomeza

Zote tatu zinavunjwavunjwa na njia moja kwenye ini, na kila kitu kinachoziba au kuharakisha njia hiyo kinaharibu hesabu. Baadhi ya dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli, antibayotiki ya klarithromaisini, na ritonavia iliyomo kwenye baadhi ya mchanganyiko wa dawa za VVU zinaipandisha dawa kwenye damu hadi kuwa sumu. Rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, zinaifukuza mapema, mtu anameza dawa ghali na mwilini haipo. Balungi na juisi yake aache, hilo si uzushi. Mitishamba, mi sisemi yote ni mibaya, ila mwambie daktari kila unachokunywa, hata kile ulicholetewa na shangazi, kwa sababu ikichanganyika hakuna atakayejua nini kimepandisha ini.

Ribosiklibu inaongeza jingine hapo, dawa yoyote inayogusa QT haitakiwi, na zipo nyingi za kawaida, baadhi za malaria, za kutapika kama ondansetroni, za msongo wa mawazo. Tamoksifeni nayo haiendi na ribosiklibu kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo mgonjwa mwenye orodha ndefu ya dawa, na hakuna mtu wa kuikagua moja moja, ribosiklibu inakuwa ngumu hata kama kwenye karatasi ndo bora.

Kama hedhi bado ipo

Mwanamke ambaye hedhi haijakoma anaweza kutumia hizi dawa, wengi wanaambiwa vibaya hapa. Kinachohitajika ni ovari zilazwe, mara nyingi kwa sindano ya goserelini kila baada ya wiki 4, alafu ndo zije letrozoli na hiki kidonge. Sindano ikirukwa ovari zinaamka na kila kitu kinalegea, kwa hiyo kama sindano hazipatikani kwa uhakika, jadilini mapema njia nyingine ikiwemo kutoa ovari. Ribosiklibu ndo yenye utafiti mzima uliowahusu wanawake hawa peke yao, na kwangu hilo lina uzito kwa dada wa miaka 35 au 40 mwenye ugonjwa uliosambaa. Mimba isipatikane kabisa wakati wa dawa na hadi wiki 3 baada ya dozi ya mwisho.

Kama vipimo havipatikani kirahisi

Hili watu hawalisemi na linaamua mengi. Ribosiklibu inataka damu na ini kila wiki 2 kwa miezi miwili ya mwanzo, pamoja na ECG kabla ya kuanza na kama siku ya 14, alafu damu na ini kila mwezi kwa miezi mingine minne. Abemasiklibu inataka damu na ini kila wiki 2 kwa miezi miwili na kisha kila mwezi kwa miwili mingine. Palbosiklibu ni damu tu, mwanzo wa kila mzunguko na siku ya 15 kwa mizunguko miwili ya kwanza. Kama kufika kwenye kipimo ni safari ya kutwa, au mashine ya ECG haipo, dawa nyepesi kuifuatilia inaweza kuwa salama kuliko dawa bora isiyofuatiliwa. Kwa bibi wa miaka 80 mwenye presha, moyo mzito na tumbo dhaifu, palbosiklibu ni chaguo la heshima na nisingeruhusu mtu yeyote amfanye ajione amepewa ya daraja la pili.

Na kama pesa ya dawa haipo sasa hivi, tafadhali usiuze kila kitu kwa hofu kabla hujasikia hili. Uholanzi walifanya utafiti unaitwa SONIA, wagonjwa 1,050 wenye ugonjwa uliosambaa, wakauliza, je dawa hii ni lazima ianze mwanzoni kabisa au inaweza kusubiri hadi dawa ya homoni ya kwanza ishindwe? Mwishowe makundi yote mawili yalifika mbali sawa, ila waliosubiri walimeza hizi dawa kwa muda mfupi zaidi, karibu miezi 16 pungufu, na walipata maudhi machache zaidi. Wengi sana kwenye utafiti ule walikuwa kwenye palbosiklibu, kwa hiyo siwezi kulibeba jibu hilo likaenda moja kwa moja kwa ribosiklibu, na kwa mtu ambaye ugonjwa unakimbia kusubiri si wazo zuri. Lakini kwa mama ambaye ugonjwa uko kwenye mifupa tu, umetulia, anatembea, kuanza na letrozoli peke yake huku familia inajipanga ni mpango wa matibabu kamili na wenye utafiti nyuma yake, na siku daktari akiutaja asidhani anatelekezwa.